Nani Kamsimamisha Mtakatifu?

"Nyumba hii naijua kuliko wenyewe," Nolan Pruitt alimwandikia dada yake asubuhi ile ya Jumanne, simu mkononi, mswaki mdomoni. "Wiki tano tu, Paige, lakini niulize lolote. Mila zao zote ninazo kiganjani. Hapa Lisbon hakuna tena kitu cha kunibabaisha."

Akatuma. Dakika mbili baadaye akafanya kosa ambalo hata mtoto wa chekechea wa mtaa ule wa Graça asingelifanya.

Tusimcheke bado, kijana alikuwa na sababu ya kuvimba kichwa. Alipofika kutoka Kansas katikati ya mwezi wa sita, yeye na wanafunzi wenzake kumi na wanane waliokuja kusoma Kireno kwa wiki sita za kiangazi, alikuwa mtu wa kuhurumiwa. Siku ya kwanza alikunywa supu baada ya nyama. Siku ya pili alitembea pekupeku juu ya vigae, na Dona Graciete, mama mwenye nyumba, akapiga yowe kana kwamba kaona maiti, akamletea ndara za marehemu mumewe. Siku ya tatu alioga dakika ishirini, maji ya moto yakaisha, na Benedita, binti wa nyumba, akatoka bafuni na povu kichwani na kumwita jina ambalo halimo katika kitabu cha darasani. Sasa alikuwa amefundishika. Supu kwanza. Ndara daima. Kuoga dakika nne. Mkate huletwa alfajiri na kutundikwa mlangoni kwenye mfuko wa kitambaa, na wa kwanza kuamka ndiye anayeuingiza.

Asubuhi ile wa kwanza alikuwa yeye. Aliuingiza mkate akiwa na chupi nyekundu na ndara za marehemu, basi, maana wanawake watatu wa nyumba walikuwa bado wanakoroma. Akaingia jikoni kutafuta sukari. Rafu za jikoni hazikuwa na milango, na dirisha lilikuwa wazi, kama madirisha yote ya mtaa ule mwezi wa saba. Nyuma ya kopo la unga akaona miguu miwili ya udongo inaelekea juu.

Alikuwa Mtakatifu Antoni, kimo chake shubiri moja, kanzu ya kahawia, kichwa kimezama ndani ya kikombe cha kahawa.

"Masikini," Nolan alisema kupitia povu la mswaki. "Umeanguka lini, mzee?"

Akamtoa. Akampuliza vumbi. Akamsimamisha sawasawa, uso dirishani, akampigapiga utosini kwa kidole kama mtu anayembembeleza paka. Kisha akachukua sukari yake akaenda zake, moyo mweupe, akijiona mtu mwema kuliko wote.

Darasani siku hiyo walisoma insha zao za "Siku Yangu ya Kawaida". Ya Nolan ilikuwa nusu ukurasa. Mwalimu wao, Odete, aliisikiliza hadi mwisho, akavua miwani.

"Nolan, nimehesabu. Jina la Benedita limetokea mara saba. Hii ni siku yako au yake?"

Darasa zima likaangua kicheko, na masikio ya Nolan yakaiva kama pilipili. Jambo lenyewe lilikuwa limemvuruga kwa muda mrefu. Kila alasiri Benedita, akirudi kutoka duka la dawa alikofanya kazi, alichomeka penseli kwenye nywele, akaketi naye mezani na kumsahihishia kazi za shule. Akikuta kosa aliligonga mara mbili kwa ncha ya penseli, ko ko, kama anayebisha hodi. Nolan alianza kukosea makusudi. Juzi Benedita alimmenyea pichi, akampa kipande kimoja kimoja kwenye ncha ya kisu, akimtazama kwa macho yale ya rangi ya chai. Jana alimpita ukumbini kana kwamba ni kiti. Sasa mtu ashike lipi? Kitabu cha programu kilikuwa na sura nzima juu ya vitenzi na nyingine juu ya mabasi. Juu ya pichi hakikusema neno.

Saa saba mchana alirudi nyumbani kula, akapokewa mlangoni na kukumbatiwa mpaka mbavu zikalia.

"Njoo mwanangu, njoo unibusu!" Dona Graciete alikuwa amepaka rangi ya mdomo, na nyumba nzima ilinukia samaki mkavu wa chumvi aliyeokwa kwa maziwa na viazi.

"Leo Jumapili?" Nolan aliuliza. Chakula kile hakikupikwa siku nyingine.

"Leo inazidi Jumapili. Benedita amekubali!"

"Amekubali nini?"

"Sema amemkubali nani. Rui! Rui wa duka la miwani! Mtu ana duka, ana gari, ana mama mstaarabu. Kaa, kunywa supu."

Nolan alikaa. Ilikuwa ni kama mtu amemwondolea kiti, ila kiti kilikuwepo. Upande wa pili wa meza Zulmira, mdogo wake Dona Graciete, fundi cherehani wa miaka hamsini na mbili ambaye ulimi wake ulikata kuliko mkasi, alikuwa akimega mkate polepole.

"Dada, mwenyewe umemuuliza?"

"Nimuulize nini tena, Zulmira? Mtakatifu kasimama!"

Kijiko cha Nolan kikakwama njiani. "Mtakatifu... gani?"

"Antoni wa jikoni," Zulmira alimjibu. "Siku ya sikukuu yake, siku mbili kabla hujaja wewe, Benedita alimpindua kichwa chini. Ndivyo hufanya msichana anayetaka mume. Hakai vizuri mpaka amlete mtu. Mtu akipatikana, msichana mwenyewe, kwa mkono wake mwenyewe, ndiye humsimamisha. Mimi wangu alikaa kichwa chini miaka kumi na mmoja, hadi rangi ya utosi ikabanduka. Mwishowe nikamgeuza. Nikamwambia, haya baba, pumzika, sote wawili tumejitahidi."

"Na leo asubuhi," Dona Graciete alidakia, mikono hewani, "nafuata unga, namkuta wima! Uso dirishani, kama bwana harusi anayesubiri gari! Rui aliomba jibu Jumapili iliyopita, mtoto akasema nipe muda. Sasa si ndilo jibu lake? Nimeshampigia simu mama yake Rui. Jumapili saa saba wanakuja kula, wote."

Supu ilipita njia ya pumzi. Nolan alikohoa mpaka machozi yakatoka, Zulmira akampiga mgongoni, na katikati ya kikohozi akaiona picha yake mwenyewe: chupi nyekundu, mswaki, kidole kwenye utosi wa mtakatifu. Kumbe mchumba wa Benedita kamtafuta yeye! Kajitengenezea mwenyewe mpinzani kwa mikono yake miwili, kisha kaenda shule.

"Wewe hukumgusa lakini?" Dona Graciete aliuliza ghafla.

Hapa ndipo mtu mzima hufungua mdomo akasema ukweli. Lakini Nolan alikumbuka habari za msichana wa Uswidi aliyepanga hapa mwaka jana, aliyevunja bakuli la supu la bibi yao na kuhamishiwa nyumba nyingine kabla ya jua kuzama. Zilibaki siku saba tu. Siku saba bila penseli ile kubisha hodi?

"Mimi? Hata sikujua kama yupo."

"Nilijua. Mtoto ana adabu huyu. Ongeza mkate."

Mlango ukafunguliwa. Benedita akaingia, koti jeupe la duka la dawa mkononi, nywele zimemtoka kwenye kibanio. Mama yake akamrukia.

"Hongera, roho yangu!"

"Ya nini, mama?"

"Usijifanye! Antoni nimemwona."

Benedita akaweka koti kwenye kiti, taratibu. "Hata mimi nilimwona. Nilipokuwa nachukua sukari. Nikadhani naota." Akamgeukia mama yake. "Si mimi niliyemsimamisha."

Friji iliyokuwa ikinguruma siku zote ikaona aibu ikanyamaza.

"Mimi pia sikumgusa," alisema Dona Graciete.

"Mimi na huyo mzee tulishaachana," alisema Zulmira.

Wote watatu wakamgeukia Nolan, naye akatikisa kichwa kukana mara ya pili, kwa kuwa mara ya kwanza alishakana, na uongo ni kama ndara za marehemu, ukishazivaa unatembea nazo.

"Basi kasimama mwenyewe," Zulmira alinong'ona, akafanya ishara ya msalaba.

"Kama kasimama mwenyewe, ni vizuri zaidi!" Dona Graciete alipiga meza. "Mbingu zenyewe zinamtaka Rui!"

Benedita alimtazama Nolan mara moja tu, mtazamo mrefu wa mtu anayesoma barua iliyoandikwa kwa mwandiko mdogo. Kisha akachukua beseni la nguo mbichi akaelekea kibarazani.

"Nolan," Dona Graciete alisema kwa sauti ya chini, macho yakiwa bado kwenye mlango wa kibaraza. "Nakupenda kama mwanangu, kwa hiyo nakwambia kabisa. Wanafunzi ni kama mbayuwayu. Wanakuja kiangazi, wanapendeza, wanaondoka. Mimi nalala nikiwa na amani mbayuwayu akikaa kwenye paa. Akiingia chumbani, nachukua ufagio. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Dona Graciete."

"Sasa nenda kamsaidie mashuka, ni mazito."

Jamani, mama wa watu! Hapo hapo anafunga mlango, hapo hapo anakupa ufunguo. Nolan alitoka nje akiwa hajui kama amefukuzwa au ametumwa.

Kibaraza kilikuwa chembamba, na mtaa chini yake mwembamba vilevile, hata mtu angeweza kumpa jirani wa ng'ambo chumvi kwa mkono. Ng'ambo hiyo dirisha lilikuwa wazi na ndani yake kulining'inia tundu la chiriku. Benedita alikuwa na vibanio viwili mdomoni. Walitandaza shuka, yeye ncha hii, Nolan ncha ile.

"Unalikunja kama unamfunga mtoto nepi," alisema Benedita. "Vuta."

Akavuta. Shuka likakaza katikati yao.

"Hongera," Nolan akasema. Neno lilimtoka kama mwiba wa samaki.

"Ukinipa hongera tena nitakusukuma chini."

"Rui ana duka."

"Rui ana duka, ndiyo. Kila akinitazama nahisi ananipima macho." Akatoa vibanio mdomoni. "Nikwambie kitu, lakini usicheke. Siku ya sikukuu nilimwambia Antoni: nataka mwanaume mwenye akili, mwenye utulivu, anayejua kupika. Siku mbili baadaye ukaja wewe na begi limevunjika gurudumu, ukanywa supu mwisho. Nikasema, huyu mtakatifu ananidhihaki."

Nolan alitaka kucheka na alitaka kulia, na uso wake ukashindwa kuchagua.

"Halafu jana," Benedita aliendelea, sauti ikashuka, "nilikwenda jikoni peke yangu nikamshika miguu. Nikamwambia: nimechanganyikiwa, baba. Kama Rui ndiye, kaa hivyo hivyo, nitakugeuza Jumapili kwa mkono wangu. Kama ni yule mwingine, simama mwenyewe. Nilijua hawezi, ni udongo. Nilitaka tu kujiondolea lawama." Akamtazama juu ya shuka. "Asubuhi nikamkuta wima."

"Mwingine yupi?"

"Wewe ni mjinga kwa lugha mbili, Nolan Pruitt."

Moyo wa Nolan ukaruka, ukagonga mbavu, ukarudi mahali pake, kisha ukaanza kuuma. Furaha aliyokuwa akiisubiri wiki tano ilikuwa imesimama mbele yake na kibanio mkononi, na chini ya furaha hiyo palikuwa na chupi nyekundu. Akisema kweli, ishara inavunjika, na Jumapili Rui anakula samaki wa maziwa. Asiposema, atakuwa amemwiba msichana wa watu kwa udanganyifu, tena mbele ya mtakatifu.

"Benedita, kuhusu yule Antoni..."

"Unadhani ni upuuzi."

"Hapana. Nadhani... labda upepo."

"Upepo umtoe kwenye kikombe?"

"Labda paka."

"Hatuna paka." Akasogea karibu. Shuka lilikuwa baridi, mkono wake ulipopita chini yake ukaushika wa Nolan ulikuwa wa moto. "Najua unaondoka wiki ijayo. Najua mama ataleta ufagio. Sikuombi kitu. Nataka tu kujua kama na wewe umeshangaa kama mimi. Niambie kweli, ulipomwona amesimama ulihisi nini?"

"Mimi sikumwona," Nolan akanong'ona. Mara ya tatu hiyo. Jogoo tu ndiye aliyekosekana.

Badala ya jogoo, aliwika mzee.

"Eh! Kijana! Leo mchana umevaa!"

Dirishani ng'ambo, nyuma ya tundu la chiriku, alikuwa Mzee Abílio, seremala mstaafu, mbegu za ndege mkononi na tabasamu la mtu aliyepata kazi. Benedita aliuchomoa mkono wake.

"Kuvaa vipi, Mzee Abílio?"

"Asubuhi alikuwa jikoni kwenu na chupi! Nikamwambia huyu ndege wangu, tazama, Marekani wanaheshimu sana watakatifu. Mtu hata nguo hajavaa, lakini kwanza kamtoa Antoni kwenye kikombe, kampuliza vumbi, kamsimamisha!"

Mlango wa kibaraza ukajaa. Dona Graciete mbele, Zulmira nyuma yake na mkate mkononi.

"Nani kamsimamisha?" aliuliza Dona Graciete.

"Si huyo hapo!"

"Mzee..." sauti ya Nolan ilikuwa nyembamba kama uzi. "Ni mbali. Labda hukuona vizuri."

"Sikuona?" Mzee Abílio aliipapasa miwani yake kwa fahari. "Miwani mipya hii! Kanitengenezea Rui mwenyewe, wiki iliyopita! Chupi nyekundu. Mswaki upande huu wa mdomo. Na alipomaliza akampigapiga kichwani, hivi, hivi."

Chiriku alilia mara moja akanyamaza. Nolan alitazama vigae, akatazama ndara, akaona hapana pa kukimbilia.

"Ni mimi," alisema. "Nilidhani kaanguka. Sikujua maana yake. Kisha nikaogopa mtanihamisha kama yule wa Uswidi, na... sikutaka kuhama. Dona Graciete, nisamehe. Nimekudanganya ukiwa unaniongezea mkate."

"Na mimi nimeshampigia mama yake Rui!" Dona Graciete alishika ukingo wa mlango. "Zulmira, nipe maji. Mtakatifu gani huyu, anashikwashikwa na mtu hajavaa suruali!"

"Dada, mtakatifu ni udongo, hana mikono," Zulmira alisema, akimwongoza ndani kwa kiwiko. "Akitaka kusimama lazima aazime ya mtu."

"Basi angeazima ya Mkatoliki!"

Sauti zao zikaishia jikoni. Benedita alikuwa amegeuka, uso ndani ya shuka, mabega yakitikisika. Nolan hakujua kama analia au anacheka, na alipojaribu kumsogelea, aliinua kiganja kumzuia, akaingia ndani bila kumtazama. Nolan alibaki na kibanio kimoja mkononi, akakifungua, akakifunga, akakifungua. Asubuhi alikuwa anaijua nyumba hii kuliko wenyewe. Sasa hakujua hata mlango upi wa kupitia.

Benedita alirudi. Mikononi alibeba kile kikombe cha kahawa, na ndani ya kikombe, kichwa chini, miguu juu, Mtakatifu Antoni. Akakiweka juu ya ukingo wa kibaraza, kati yao. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini pembe moja ya mdomo haikutaka kutii.

"Asubuhi hukujua maana yake," alisema. "Sasa unajua. Jumapili saa saba Rui anakuja kula."

"Benedita, mimi nina tiketi ya..."

"Sijakuuliza habari za tiketi. Tiketi hata mbayuwayu anayo, na kila mwaka anarudi." Akagonga ukingo kwa ukucha, mara mbili, ko ko, akaingia ndani akafunga mlango.

Nolan alisimama palepale. Alifikiria Kansas, alifikiria ufagio wa Dona Graciete, alifikiria kipande cha pichi kwenye ncha ya kisu. Kitabu cha programu hakikuwa na ukurasa wa jambo hili. Alitazama kushoto, pazia limefungwa. Kulia, jikoni hakuna mtu. Ng'ambo, dirisha tupu, tundu tu na chiriku wake.

Akanyoosha mkono. Akamtoa mtakatifu kwenye kikombe. Akampuliza vumbi ambalo halikuwepo, akamsimamisha wima, uso kwenye mlango alioingia Benedita, na kabla hajajizuia, kidole kikampigapiga utosini.

"Nimekuona!" alifoka Mzee Abílio, akiinuka taratibu kutoka chini ya dirisha lake. "Hivyo hivyo! Kama asubuhi!"